Tulipanda chakula cha wadudu, halafu tukawapulizia dawa: kisa cha bustani moja ya Bukavu

Hii kisa ya kupanda mimea ya kulisha viwavi vya kipepeo ilitokea mu shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Majina nimetoa yote, commune sitaji, na vitu vingine vidogo nimebadilisha ili mtu asijue ni nani. Mimi niliitwa katikati, kama mtu wa agronomia, kwa hiyo sehemu moja niliona kwa macho yangu na sehemu nyingine nilitoa mu kaye (daftari) ya wanafunzi na mu midomo ya wenyewe. Wameniruhusu kuandika, hata zile za kuchekesha.

Mahali na watu

Shule iko ku mteremko, sawa vile shule nyingi za huku. Chini ya madarasa kuna udongo mwekundu unaoshuka mpaka ku kamto, na mvua ya mwezi wa 4 ikipiga vizuri unaona bustani inaenda nayo. Walikua wameweka mistari ya matete ya kushika udongo, katikati maharagwe na lengalenga, ku ukuta wa nyuma marakuja imepanda ku waya. Halafu kati ya bustani na barabara kulibaki kipande cha bure, hatua kama 30 kwa 6, majani tu, na kila salongo (kazi ya usafi ya pamoja) watoto wanakifyeka na kupekupe mpaka udongo unabaki uchi, ju eti "panaonekana pachafu". Mushike hicho kipande, njo kitabeba kisa yote.

Watu ni wanne. Mwalimu B. wa biolojia, mwenye moyo sana. Papa Z., zamu wa shule, mzee, ambaye kazi yake ni kulinda mlango lakini kwa kweli njo mwenye bustani. Mama K. wa komite ya wazazi, ana butiki ya sukari, biskuti na vinywaji vya baridi pembeni ya shule. Na klabu ya mazingira, wanafunzi 22.

Vile mambo yalianza

Mwalimu B. ana dada yake Marekani, mu Ohio, na huyo dada alianza kupanda kwake mu parseli ule mmea wa maziwa, ule ukivunja jani unatoa utomvu mweupe. Kule iko na sababu kubwa. Kuna kipepeo wa rangi ya machungwa wanamuita monarch, kiwavi wake hali kitu kingine chochote, ni ile familia ya mimea tu, mama kipepeo akikosa hiyo mimea hana pa kutaga. Kila mwaka wale wa mashariki ya Marekani na Kanada wanaruka mpaka Meksiko, mu misitu ya milimani ya Michoacán, wanapitisha baridi pale wakiwa wamejazana ku miti mpaka matawi yanainama. Na mashamba ya mahindi na soya ya Marekani, tangu yaanze kupuliziwa dawa ya kuua majani, yalimaliza sehemu kubwa ya ile mimea. Kwa hiyo watu kule wanahimizwa wapande aina za kwao, kila mtu kwake.

Dada akatuma picha. Mwalimu B. akaangalia picha, akaangalia nje ya dirisha ya darasa, akaona kipepeo wa machungwa mwenye ncha nyeusi anapita ku maua ya titonia, akapiga kelele: "Ni yeye! Ni uyu uyu!"

Hakua yeye. Huyu wetu ni Danaus chrysippus, ndugu yake wa karibu, anaishi Afrika yote, na Wamisri wa zamani walishamchora ku ukuta wa kaburi zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Monarch hayuko Kongo. Ukitaka kuwatofautisha wakiwa viwavi ni rahisi sana: wa Marekani iko na jozi mbili za nyuzi nyeusi, mbele na nyuma, wetu iko na jozi tatu, ya tatu inatokea karibu na katikati ya mgongo. Lakini siku ile hakuna mtu alihesabu nyuzi. Dada alitia mbegu mu kapaketi, mgeni mmoja akazileta mu valizi, hakuna karatasi ya ukaguzi wa mimea wala nini, na klabu ikaandikia komite ya wazazi kwamba wataleta wachavushaji na "mavuno ya maharagwe na marakuja yataongezeka".

Hiyo sentensi ya mavuno, tutairudilia.

Frigo ya Mama K.

Ku kapaketi ilikua imeandikwa kwamba mbegu zinaomba baridi yenye unyevu siku 30 au zaidi kabla ya kupandwa. Ni kweli kabisa, kwa Asclepias syriaca ya Ohio. Ile mbegu imezoea kulala chini ya theluji, na isipopita mu baridi inafikiri bado ni mwaka jana, haioti. Mwalimu alisoma, akaona ni sheria ya mmea wote wa maziwa duniani. Shule haina frigo. Mama K. iko nayo.

Basi mbegu zikafungwa mu kitambaa chenye maji, zikawekwa mu bakuli, bakuli ikaingia mu frigo kati ya soda na maji ya sashe. Umeme wa mtaa ule unakuja siku mbili unaenda siku tatu. Mama K. alikubali kwa sababu anampenda mwalimu, lakini kila umeme ukienda alikua anatoa vitu vyote na kupanguza, na bakuli inazunguka juu ya kaunta ku jua. Wiki ya tatu akamuita mwalimu: "Mwalimu, kuya uone bintu byako, bianaanza kutoa ndevu."

Ukungu. Kati ya mbegu mia na kitu, zilizoota mu pepinyeri (kitalu) ni tatu, na hizo tatu zilikaa na majani mawili mawili, zikanyauka. Kwa maoni yangu hiyo njo ilikua bahati kubwa kuliko zote mu hii kisa. Asclepias syriaca inatembea chini ya udongo kwa mizizi, hata kwao wakulima wanaijua kwa huo usumbufu, na mu udongo unaoteremka mpaka ku mto wetu sijui nani angeifuata.

Maua mekundu

Klabu haikukata tamaa. Mwanafunzi mmoja akasema mu parseli ya shangazi yake kuna maua yenye maziwa, mekundu na katikati njano, mazuri sana, na vipepeo wanashinda pale. Wakaenda na bruweti, wakarudi na miche 14. Ilishika yote. Mu wiki chache wakaanza kuona viwavi vyenye mistari nyeusi, nyeupe na njano, na shule nzima ikaja kuangalia.

Ile ya maua mekundu ni Asclepias curassavica. Nayo si ya kwetu, kwao ni Amerika ya joto, ilisambazwa dunia nzima kama ua la bustani. Kipepeo wetu anataga pale bila shida, kwa hiyo kwa macho mradi ulikua umefaulu. Waliandika ku kibao "MIMEA YA ASILI". Kibao kilikaa miezi minne.

Siku ya dawa

Mwezi wa 12, juu ya vichipukizi vyote vya ile mimea kukatokea vidukari, bapusero vile tunasema, rangi ya njano kama yai, miguu myeusi, wamejipanga mpaka shina halionekani. Hao wako karibu popote mmea wa maziwa uko. Majike wanazaa bila dume, wanazaa watoto hai, leo kumi kesho huwezi kuhesabu. Majani yakaanza kuteleza kwa ule utamu wanaotoa, sisimizi wanapanda na kushuka.

Papa Z. akaona mmea wa mwalimu unakufa. Akafanya kile kila mtu angefanya: akachukua pompo, akachanganya dawa iliyobaki ya tomati, akapulizia asubuhi mapema ili watoto wakute pasafi.

Watoto walikuta pasafi. Vidukari vilikufa, na viwavi 17 ambavyo kaye yao ilikua imeandika siku moja kabla vilikua vinaning'inia kwa miguu ya nyuma, vyeusi, vinatoa maji. Wadudu wekundu wenye madoa walioanza kula vidukari, nao chini. Msichana mmoja wa klabu alilia mbele ya Papa Z., na yule mzee akabaki na pompo mu mkono, akasema kitu ambacho kwangu mimi njo uchambuzi wote wa mwaka wa kwanza: "Lakini muliniambia tulinde miti. Hamukuniambia kama miti ni ya kuliwa."

Hapo njo waliniita.

Kile kilikua pale tangu zamani

Siku ya kwanza nilipofika sikuanza ku bustani. Nilisimama ku barabara nikingoja mwalimu, nikaona kando ya mtaro, upande wa nje wa kile kipande cha salongo, shina moja limekatwa mara nyingi na linachipuka tena, majani membamba marefu, na tunda moja limevimba, kijani, limejaa nywele laini, ukilibonyeza ni hewa tupu. Gomphocarpus, ndugu ya ule mmea wa maziwa. Aina zake kadhaa ni za Afrika yetu hii hii, na hii yenye matunda ya kuvimba inaota mu majani ya wazi, kando ya barabara, mu mashamba yaliyopumzishwa. Nikavunja jani: maziwa.

Nikauliza watoto wanaiitaje. "Ile? Ni balo." Ju ya tunda, linafanana na mpira. Wadogo wanalipasua ku paji la uso la mwenzao. Klabu ya watu 22 ilikua inapita mbele ya balo kila asubuhi, na kila salongo inaifyeka.

Mbegu zake hazitaki frigo. Tunda likikauka linapasuka, mbegu za kahawia zinatoka na pamba nyeupe yake, unapanda mvua ikianza, basi.

Maamuzi, na kwa nini

Tuliketi mara mbili, mara ya kwanza na klabu na Papa Z., mara ya pili na komite ya wazazi, na ya pili ilikua moto.

Uamuzi wa kwanza ulikua mwepesi: dawa hakuna tena mu kile kipande. Vidukari vikizidi, unavikamua na vidole au unavipiga na maji matupu ya pompo, bila dawa, na ukiona vidukari vimevimba rangi ya kahawia havitembei, usiviguse, ndani kuna kanyigu kadogo kanakua. Papa Z. alikubali lakini akaomba muda, anasema macho yake yanauma kuona mmea unaliwa. Kama wiki mbili wale wadudu wekundu wakarudi wenyewe, wengi.

Wa pili, salongo. Badala ya kufyeka yote, nusu moja inabaki nusu nyingine inakatwa, halafu inageuzwa. Sababu yake ni mbili. Viwavi vibaki na pa kula, na balo ikikatwa inachipuka majani mateke, na majike wanapenda kutaga ku majani mateke. Papa Z. akafunga vitambaa vyekundu ku mashina ya kuacha. Salongo ya kwanza watoto walikata mbili zenye kitambaa, ya pili hakuna.

Wa tatu, maua mekundu. Mwalimu alikua amesoma kwamba Marekani wanakataza ile aina, na akataka kung'oa yote siku ile ile. Nilimzuia. Kule, mu Texas na Florida, shida yake ni kwamba haifi wakati wa baridi kama aina za pale, vipepeo wanabaki mwaka mzima ku mimea ile ile na vijidudu vya ugonjwa vinarundikana ku majani. Sisi hatuna baridi ya kuua majani, hata balo inabaki mwaka mzima, kwa hiyo ile sababu haivuki bahari vile ilivyo. Sababu yetu ni nyingine: ni mgeni anayerusha mbegu na upepo juu ya mteremko wa watu. Tukaamua kukata matunda yake kabla hayajapasuka, kuacha mimea ilishe viwavi mpaka balo ikomae, halafu kuitoa kidogo kidogo. Na kibao kushushwa. Mwalimu alikishusha mwenyewe, sikufurahi kumuona.

Wa nne, sumu. Mama K. alisimama: "Mwalimu, tunakuheshimu, lakini batu banasema ile kintu ni sumu. Ni kweli ao ni uongo?" Mwalimu akaanza kuzunguka. Nikajibu mimi: Mama, ni kweli. Yale maziwa yana kitu kinachogusa moyo, ndege wanakijua njo maana hawali yule kipepeo. Mbuzi na ng'ombe kwa kawaida wanaacha, ni chungu. Lakini yakikatwa na kukauka sumu haitoki, na mnyama aliyefungwa mwenye njaa hachagui. Na hapo Papa Z. akafungua mdomo, akasema baada ya salongo ya mwezi wa 11 majani yaliyokatwa yalipelekwa ku sungura wa shule, na sungura mmoja alikufa. Ilikua balo? Hakuna mtu alimpasua kuangalia. Lakini kimya kiliingia mu ile chumba.

Sheria zikatoka hapo hapo: majani ya kile kipande hayaendi ku mnyama yeyote, yanabaki palipokatwa, mtu akigusa maziwa anaosha mikono kabla ya kugusa uso, yakiingia mu jicho ni maji mengi muda mrefu, halafu mu sante (kituo cha afya), si kungoja kesho, wadogo wa primeri waache kupasua balo. Ya mwisho haijaheshimika bado.

Matokeo

Mvua ya mwezi wa 9 iliyofuata tulianza na mashina 9 ya balo yaliyoachwa, na mwisho wa msimu klabu ilihesabu 63, mengi yamejiotea. Mayai, viwavi, vipepeo vinatoka. Yai linaanguliwa mu siku tatu mpaka tano, kiwavi anakula kama wiki mbili, na mu siku kama kumi nyingine kipepeo anapasua ganda lake.

Kitu kimoja nakumbuka kwa karibu. Papa Z. ananiita, anasema kuna ugonjwa, majani yanainama moja moja. Tunapiga magoti. Ku kila jani lililoinama kuna kiwavi, na kabla ya kula anafanya kazi: anarudi karibu na shina, anatafuna mshipa mkubwa, anauchimba kidogo kidogo mpaka maziwa yanatoka pale kwa tone, jani linalegea, linaanguka upande. Halafu anatembea polepole mpaka ku ncha, ambako maziwa hayafiki tena, na pale anakula kwa amani. Mzee aliangalia mpaka kengele ikalia. Akasema: "Uyu anafunga robine kwanza."

Tangu siku hiyo yeye njo anaonyesha wageni.

Ku maua ya balo wenyewe walioonekana zaidi ni manyigu, nyuki wa asali kidogo. Chavua ya hii familia haiko unga, imefungwa mu vipakiti viwili vinavyonasa ku mguu wa mdudu, na mdudu mdogo asiye na nguvu wakati mwingine anabaki amenasa. Na madume ya yule kipepeo tuliyakuta mahali hatukutegemea: ku marejea (mmea wa jamii ya kunde) iliyong'olewa na kukauka juu ya tuta, madume sita saba yanakwangua yale mashina makavu. Wanatafuta dawa fulani ya kutengeneza harufu ya kuvutia majike. Kwa hiyo mmea wa maziwa peke yake haumlishi huyu mdudu maisha yake yote.

Mavuno? Maharagwe hayakubadilika kwa namna yoyote tunaweza kusema ni sababu ya balo. Marakuja nayo ile ile.

Uchambuzi: kilichoenda na kilichokwama

Nianze na ile sentensi ya mavuno, ju njo iliumiza zaidi. Marakuja inataka nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao za paa, na yeye anahitaji mbao kavu na maua mengi ya aina mbali mbali, hana shida na balo. Maharagwe yanajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Klabu iliahidi wazazi kitu ambacho huu mmea haufanyi. Wangesema tangu mwanzo "tunaacha chakula ya viwavi, na ku huo mlolongo wote kuna vidukari, manyigu, wadudu wekundu, ndege", komite ingelalamika pengine, lakini isingejisikia imedanganywa. Mama K. aliniambia pembeni kwamba frigo ilimuuma kidogo, hesabu ya mavuno ilimuuma sana.

Pili, kila kosa la mwaka wa kwanza lilikua maarifa ya kweli yaliyotolewa mahali pake. Baridi ya frigo ni kweli, kwa mbegu ya Ohio. Kukataa maua mekundu ni kweli, kwa Texas. Hata dawa ya Papa Z. ilikua sahihi, kwa tomati. Hakuna aliyeuliza "hii inasemwa juu ya mmea gani, wa wapi". Mimi mwenyewe nisijitoe: nilipofika nilikaa wiki nzima kabla ya kuuliza Papa Z. kuhusu kile kipande, na yeye njo alijua sungura, alijua balo inarudi mara ngapi baada ya kukatwa, alijua mvua inaanza kuondoa udongo wapi. Alikua ameketi ku mlango.

Kilichofanya kazi zaidi hakikuomba pesa. Kupunguza kufyeka. Miche 14 na bruweti na pepinyeri vyote pamoja havikufikia kile nusu ya kipande ilifanya ilipoachwa tu, na juu ya hayo udongo wa pale haukushuka mwaka huo, ju mizizi ilibaki.

Kaye ya hesabu iko na tundu. Mwaka wa kwanza walihesabu kila kipepeo wa machungwa, na kuna mwingine, jike la Hypolimnas misippus, anayejivalisha nguo za huyu wa sumu ili ndege wamuache. Yeye hana sumu, kiwavi wake anakula majani ya mimea mingine, balo haimhusu. Wetu ku bawa la nyuma iko na madoa meusi matatu ao manne, yule mwigaji moja tu, juu ku ukingo. Tulipowafundisha hiyo, kurasa za mwaka wa kwanza tukazipiga mstari. Watoto walikasirika. Kisha wakaanza kubishana wao kwa wao kila asubuhi kuhusu madoa, na ile kaye ya pili iko vizuri kuliko yangu.

Maua mekundu bado yamebaki manne. Kukata matunda kabla hayajapasuka ni kazi ya kila wiki, na wakati wa mitihani hakuna aliyekata, kwa hiyo miche miwili imeota ngambo ya barabara, mu mtaro wa jirani. Tumeenda kumuomba ruhusa ya kung'oa. Amesema tungoje kwanza, mke wake anapenda rangi yake.